Mkwe wa Kombo Mbirimbi

Jamaa zangu wa barazani,

Tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kutia uzi kwenye sindano. Mwenye suruali yake kwangu anakuja kuuliza habari za Fundo, na asiye na suruali anazua kitambaa cha kushonesha ili apate kuuliza. Nimewaahidi wote kwamba nitaeleza mkitulia, na hakuna aliyetulia. Basi nimeandika. Maalim Juma atakusomeeni baada ya alasiri, na namwomba asome moja kwa moja, asisimame penye kichekesho, maana nakujueni.

Habari za kufunga mzigo na jinsi mke wangu alivyonuna naziruka. Hizo mlizisikia kupitia ukutani.

Kengeja mpaka Mtambile, juu ya mikungu ya ndizi

Gari la asubuhi lilikuwa limeshiba. Ndizi zilipakiwa chini, sisi juu ya ndizi, na kuku juu yetu. Mimi nilikaa nyuma na kikapu magotini, na ndani ya kikapu lilikuwamo koti.

Maalim Juma ni mgeni wa mtaa, kwa hivyo namwelezea yeye. Kombo Mbirimbi ni yule mwimbaji wa vichekesho mnayemsikia kila jioni kwenye santuri dukani kwangu. Anapiga gambusi, anaimba, na katikati ya wimbo anageuka watu: mara bwana shamba mwenye kwikwi, mara bibi kizee, mara mbuzi. Kwenye picha iliyo juu ya mfuko wa santuri amevaa koti linaloweza kuwaingiza watu wawili na mgeni wao. Mimi nilimshonea jingine kubwa zaidi, kwa vipande vya vitambaa vyenu vilivyobaki, mfuko mmoja mbele na mmoja mgongoni. Nilikuwa nakwenda kumvisha kwa mkono wangu.

Mnanitania kwamba nampenda Kombo kuliko mtu anavyopaswa kumpenda mtu asiyemjua. Ni kweli. Lakini mnakumbuka tulipomzika mtoto wetu. Nyumba yangu ilikaa kimya hata ungesikia sisimizi wanasalimiana. Mke wangu alikuwa anapika, anafagia, anajibu akiulizwa, basi. Siku moja nikaweka santuri ya Kombo bila ya kufikiri, nikasikia nyuma ya pazia mtu anacheka huku analia. Tangu siku hiyo namdai mtu yule shukurani, na shukurani haitumwi, hupelekwa.

Karibu na Mtambile gari lilichemka. Utingo alishuka kutafuta maji, dereva akafungua boneti akaitazama injini kama anayemtazama mkwe mkorofi, na sisi tukateremka kupunga upepo. Bi Asha, mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili na mdomo mmoja uliowatosha kuku mia, akachungulia kikapuni.

"Fundi, hino nguo ya nini? Una mwendawazimu kwenu?"

"Ya Kombo Mbirimbi, bibi."

Uso wake ukafunguka. Ndivyo ilivyokuwa njia nzima: ukilitaja jina lile, watu wanatabasamu kabla ya kujua unataka nini. Akasema, "Hebu tuimbie mkwe, tusahau jua."

Nikauanza ule wimbo wa mkwe. Mchumaji karafuu mvivu anamwendea bwana shamba:

*Bwana naomba ruhusa, mkwe wangu kanifia,*
*Jana akila muhogo, leo keshatukimbia,*
*Wali wa hitima moto, na nazi imeingia.*

Hapo wasikilizaji wote hujibu kwa pamoja, na mpaka utingo mwenye ndoo yake ya maji alijibu: "Kafa tena? Basi wali upo!" Msimu wa pili mkwe anakufa tena. Wa tatu anakufa tena, na bwana shamba yuko karibu kutoa ruhusa pale mkwe mwenyewe anapoingia shambani na kikapu cha muhogo, anamuulizia mkwewe mchumaji yuko wapi. Bi Asha alicheka mpaka kuku mmoja akamponyoka, na abiria wote tukamkimbiza mgombani. Kuku alipopatikana gari lilikuwa limepoa kitambo na dereva anatungoja sisi.

Chake Chake, kwa muuza kahawa wa Madungu

Nililala Madungu kwa binamu yangu. Asubuhi nikaenda kukaa kwenye baraza la Mbarouk muuza kahawa, kungojea gari la Wete. Tuliambiwa gari hilo linakuja sasa hivi, na "sasa hivi" ya Chake mnaijua.

Baraza la Mbarouk siku hizi limekatika pande mbili kama mtaa wowote. Chama hiki kinakaa kulia, chama kile kushoto, na kila upande una vikombe vyake. Mbarouk aliniambia kwa sauti ya chini kuwa watu wameanza kususiana mpaka maziko. Lakini nilipotoa koti kikapuni, kulia na kushoto walisogea wote kulipapasa. Kwa Kombo hakuna chama.

Ng'ambo ya njia, mkabala na baraza, palikuwa na nyumba ya mawe yenye dirisha lililofungwa. "Usiimbe mkwe ukiwa umeelekea kule," Mbarouk akaniambia. "Ni kwa Mzee Hamad bin Saidi. Mkwe wa Kombo ni dada yake hasa, tumbo moja. Tangu santuri kutoka, vijana wakipita dirishani wanamwimbia. Hamfungulii mtu."

Nilishangaa kwamba mkwe yupo. Kwangu alikuwa ni mtu wa kwenye wimbo, kama sungura alivyo mtu wa kwenye hadithi.

Tulikuwa kwenye kikombe cha pili akaja mtu mrefu, mvuvi kwa mikono yake, kanzu imekauka chumvi pindoni. Akasalimia kwa adabu, akaulizia nyumba ya Mzee Hamad. Mbarouk akamuuliza kuna nini.

"Natoka Fundo," akasema. "Mkwe wa Kombo Mbirimbi kafa. Nimetumwa kwa kaka yake."

Baraza lilikaa kimya kiasi cha mtu kuvuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ya kuimbia. Kulia na kushoto, vyama vyote viwili, wakajibu: "Kafa tena? Basi wali upo!"

Na mimi, ambaye najua kila beti, nikasimama na koti mkononi nikaendeleza: jana akila muhogo, leo keshatukimbia. Wakapiga makofi. Nilimtazama yule mtu mrefu kwa heshima kubwa. Hakucheka hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu ni fundi, huyu amefundishwa na Kombo mwenyewe, maana mchekeshaji hodari hajichekeshi.

Akangoja tumalize. Hakuchukua kahawa aliyomiminiwa. Akavuka njia, akagonga ule mlango mara nyingi, akasema maneno ambayo hatukuyasikia kwa vicheko vyetu. Kutoka ndani ikaja sauti ya mzee: "Nendeni zenu. Hamna haya, mmeanza na milango." Yule mtu akagonga tena, kisha akainamisha kichwa, akaondoka kwa miguu kufuata njia ya Wete.

Wete, na mashua ya kuvukia

Gari langu lilikuja baada ya adhuhuri, na sikumwona njiani. Labda alipata gari jingine. Nikafika Wete na njaa. Nikala muhogo wa nazi na papa kwa mama mmoja karibu na soko, nikamwambia naenda kwa Kombo, akaniongezea papa bila ya kuombwa. Usiku nikalala msikitini.

Asubuhi nikapata mashua iliyokuwa inapeleka magunia ya mchele Fundo. Nahodha wake alikuwa mtu wa Wete, mzito wa maneno. Nilimuuliza kama Kombo yupo kisiwani.

"Yupo. Nasikia kafiwa na mkwewe."

"Kafa tena?" nikasema. Vijana wawili wenye magunia wakamalizia: "Basi wali upo!"

Nahodha akatabasamu kidogo, akakuna kidevu. "Mie nasema nilivyosikia," akasema. "Na mchele huno ni wa huko huko kwake."

Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuonyeshwa jambo likiwa limelala mbele yake kwenye magunia. Nikafurahi zaidi. Nilidhani Kombo ana karamu, na bahati yangu imeniangukia siku ya karamu. Nikalivaa koti. Nililivaa, jamaa zangu, ili nishuke nalo pwani.

Fundo

Pwani hapakuwa na ngoma wala watoto. Alisimama mtu mmoja anapokea magunia, na alikuwa yule mtu mrefu wa Madungu. Jina lake Faki, jirani yao. Alinitazama, akalitazama koti kuanzia mfuko wa mbele mpaka wa mgongoni nilipogeuka. Kwa mbali, chini ya banda la makuti, niliona jamvi limetandikwa na wanaume wamekaa kimya, misahafu mapajani.

Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nililivua koti nikalisukumia ndani ya kikapu kama mwizi. Hapo nilitamani ile mashua inipakie tena na magunia yake.

"Kumbe kweli," nikasema.

"Kweli," akasema Faki. "Tulimzika jana. Tulimngojea kaka yake mpaka alasiri, tukaona tunamtesa maiti."

Akanipeleka jamvini. Kombo Mbirimbi ni mtu mfupi, mdogo kuliko picha yake, na kofia inamwangukia masikioni. Nilijua sauti yake kuliko ya baba yangu. Nikampa mkono. "Poleni," nikasema. "Tushapoa," akajibu. Ilikuwa ile ile sauti, na naona haya kukuambieni kwamba mdomo wangu ulitaka kucheka wenyewe, kwa mazoea tu. Nikauma shavu kwa ndani.

Ikapigwa fatiha kwa ajili ya mgeni aliyefika, kama ada, na shehe akamtaja marehemu: Mize binti Saidi. Kisha Kombo akaniuliza natoka wapi.

"Kengeja."

"Kengeja kote kule?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Faki kazunguka Wete, kazunguka Chake, kila mahali wamemwimbia. Hata ndugu wa mke wangu, wa huko huko Wete, wamemwimbia. Weye peke yako, yakhe, ndiye uliyeamini ukaja."

Faki alikuwa amekaa pembeni yangu. Angeweza kusema neno moja tu. Hakusema. Alinisogezea bakuli la maji ya kunawa, ninawe nile.

Sikuweza kunawa. Nikamwambia Kombo kwamba nilikuwa Madungu, kwamba nilisikia, na kwamba niliimba.

"Uliimba beti ngapi?"

"Zote."

"Wazijua zote?"

"Zote, bwana."

Akatikisa kichwa taratibu. Sikuona hasira usoni mwake, na afadhali ningeiona. Akasema, "Basi weye ni mpenzi wangu hasa. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mie ndiye niliyewafundisha watu kujibu vile. Niwalaumu kwa lipi?"

Akanieleza habari ya wimbo, na nyinyi mnaousikiliza kila siku mnapaswa kuijua. Mkwe ni mtu wa heshima, mnajua wenyewe. Hata njiani humkatizi mbele, sembuse kumuimba. Kombo akiwa kijana aliwahi kumwongopea bwana shamba kwamba mkwewe kafa, apate siku ya kulala. Uongo ukatembea mpaka ukamfikia mkwe mwenyewe. Akamwita. Kombo alikwenda akijua kwamba mke wake anachukuliwa siku hiyo. Bi Mize alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia, "Niue tena ukitaka, lakini safari ya pili nipikie wali wa maana." Wimbo ulitokea hapo. Kila kipya alichotunga alimwimbia yeye kwanza, yeye akiwa nyuma ya mlango, na asipocheka Kombo alikuwa anautupa.

"Lakini kaka yake hakuyajua hayo," Kombo akasema. "Yeye alisikia dada yake anafishwa kwenye santuri, watu wanamwitikia dirishani. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Na mama katika ugonjwa wake alikuwa anamuulizia yeye, kila mlango ukilia anamuulizia yeye. Kesho ni hitima. Ana ndugu mmoja tu duniani. Akisomewa bila ya ndugu yake, basi yakhe, safari hino nimemuua kweli."

Nikamwambia nitakwenda mimi kumchukua.

"Mie nshagonga," akasema Faki. "Hakufungua."

"Nitagonga tena."

Faki akainuka kuniandalia ngarawa yake, na akanivusha mwenyewe.

Kurudi Madungu

Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, na kila nilipoyapanga nilisikia wimbo. Mkwe wa Kombo kafa: wimbo. Kombo kafiwa: wimbo. Tumefiwa na mkwe, njoo mzee: wimbo mtupu. Kuna mtu kwenye gari alinisikia naguna akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, natafuta neno, akasogea mbali kidogo.

Nilishuka Madungu alasiri. Baraza la Mbarouk lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha. "Fundi, mbona umerudi upesi?" wakaniita. "Mkwe hajambo?" Nilipita bila ya kujibu. Walichukulia kwamba hiyo nayo ni sehemu ya mchezo, wakacheka.

Nikagonga.

"Nendeni zenu," ikasema sauti ndani.

"Mzee Hamad, mimi ni Shaame, fundi cherehani, natoka Kengeja."

"Kengeja nako waimba?"

"Tunaimba, mzee."

"Basi mshafika mpaka mwisho wa kisiwa. Nenda."

Nyuma yangu baraza lilianza: kafa tena. Nilisimama pale na paji la uso kwenye ule mlango, na ndipo lilipokuja neno, nalo lilikuwa dogo sana. Kule Fundo hawamtaji mwanamke mzima kwa jina lake, ni heshima. Wote walikuwa wakimwita mkwe wa Kombo, na Faki alibeba habari kama walivyompa. Wimbo nao hauna jina lake. Katika vinywa vyote vya Pemba vilivyomuua yule mama, hakuna kilichokuwa kinamjua jina, ila kaka yake na shehe aliyemuombea.

Nikasema kwa sauti ya chini, mdomo kwenye ufa wa mlango: "Mize binti Saidi amefariki. Kesho anasomewa. Alikuwa anakuulizia."

Nikatega sikio kwenye ule ufa. Kisha nikasikia komeo likivutwa.

Mzee Hamad alikuwa mtu mrefu aliyeanza kuinama, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja wa uzi. Alishika mlango kwa mikono miwili. "Nani kakutajia jina hilo?"

"Nimelisikia likitajwa kwenye dua."

"Kafa lini?"

Nikamwambia alizikwa jana, alasiri.

"Jana alikuja mtu," akasema. Aliyasema maneno kama anayepapasa gizani. "Jana alikuja mtu, nikasikia watu wanaimba. Nikadhani ni wao. Nikamfukuza."

"Walioimba ni sisi, mzee. Mimi niliimba kuliko wote."

Alinitazama muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akavuka njia, kwa miguu mitupu, akasimama mbele ya baraza la Mbarouk. Watu walikuwa bado wanacheka upande mmoja, upande wa pili umeshanyamaza.

"Dada yangu kafa," akawaambia. "Aliitwa Mize."

Mbarouk aliweka chini dele lake la kahawa. Mtu mmoja wa kulia akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, na mmoja wa kushoto akamalizia naye. Nilimwona kijana aliyekuwa anaongoza kuitikia akijifuta uso kwa ncha ya shuka. Huzuni yao ilikuwa ya kweli, na ilikuwa imechelewa kwa siku moja tu.

Fundo, mara ya pili

Asubuhi gari la Wete lilijaa watu wa Madungu. Mbarouk alifunga kahawa yake akaja na mkoba wa halua, akaona haya, akauficha. Wale wa vyama viwili walikaa walivyokuta nafasi, na sikusikia siasa mpaka Wete. Mzee Hamad alikaa mbele na dereva. Hakusema na mimi njia nzima, lakini tulipofika bandarini na mimi nikabaki nyuma, aligeuka akaniuliza, "Weye hupandi?" Nikapanda.

Banda halikutosha. Walitandika majamvi mengine mpaka penye jua. Kombo alipomwona Mzee Hamad anapanda kutoka pwani alikwenda kumpokea, akainama kumbusu mkono. Mzee aliuacha mkono ubusiwe. Hakumtazama. Wakakaa mbalimbali, juzuu zikagawiwa, tukasoma. Ndani ya nyumba wanawake walikuwa nao wanasoma, na sauti zao zilikuwa zinatufikia kupitia ukuta wa udongo.

Baada ya dua ukaja wali. Watu wanne kwa sinia. Faki ndiye aliyepanga, na sijui kama alikusudia, lakini sinia letu lilikuwa la Mzee Hamad, Kombo, yeye na mimi. Wengine walianza kula. Mzee Hamad alinawa, akaweka mkono kwenye ukingo wa sinia, akauacha hapo.

"Wimbo huo," akasema, bila ya kumtaja mtu, "sijapata kuusikia mpaka mwisho. Ukianza nafunga dirisha."

Kombo akarudisha tonge siniani.

"Yeye aliusikia?"

"Kila siku, mzee. Alikuwa wa kwanza kuusikia. Kama hakuutaka, usingekuwapo."

"Akafanya nini?"

"Akacheka."

Mzee akatikisa kichwa. "Mize hakuwa mchekaji. Mie nimekua naye. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akisema, huyu mtoto kazaliwa na deni la kucheka." Akavuta pumzi. "Mie nimekosa kumwona kwa sababu ya wimbo huo. Nataka kujua. Akicheka vipi?"

Kombo alinitazama mimi. Nadhani alitaka kujua kama nitacheka. Nikainamisha kichwa, nikatazama jamvi.

Akaweka kiganja mdomoni, kama mwanamke anayejifunika kwa upindo wa kanga. Kicheko kilianzia puani, kidogo kidogo, kama cha mtu anayejizuia mbele ya wakubwa. Kikashuka kifuani, kikakatika, kikaanza upya na kikohozi ndani yake, kikaishia kwenye pumzi ndefu ya kuchoka. Nilikijua. Ni kile kicheko cha bibi kizee kilicho mwisho kabisa wa santuri, upande wa pili, ambacho mke wangu hungojea kila mara, na ambacho siku zote nilidhani Kombo amekibuni.

Watu wa masinia ya jirani walisimamisha matonge. Hakuna aliyecheka. Mzee Hamad alikuwa amevua miwani, na machozi yanamtiririka waziwazi, hayafuti.

"Tena," akasema.

Kombo akacheka tena. Mara hii sauti yake ilimtoka vizuri zaidi, au labda aliacha kuizuia. Ndani ya nyumba wanawake waliokuwa wanazungumza wakanyamaza wote kwa pamoja, na katika ule ukimya tukamsikia mkewe Kombo, Bi Salma, anaita kupitia ukuta.

"Mama?"

Kombo akakatiza kicheko, akainuka, akaenda ndani kwa mkewe. Mzee Hamad naye akainuka, akishika bega langu kujiegemeza, akamfuata kwa mpwa wake.